Nani Atapiga Kengele Mpigaji Asipokuwapo?

Hotuba kwa wahitimu na wanafunzi, siku ya mkutano wetu wa mwaka



Napenda kwanza kutoa shukrani kwa Kamati kwa kunipa heshima ya kusema mbele yenu. Nilipopata barua ya mwaliko nilidhani Kamati imekosea jina, kwani darasa letu lilikuwa na wasemaji hodari, nami sikuwa mmoja wao. Wale niliosoma nao watakumbuka kwamba katika midahalo kazi yangu ilikuwa kushika saa tu. Lakini Katibu aliniambia, "Tueleze kazi unayofanya, kwa lugha ambayo kijana wa kidato cha kwanza ataielewa, na wazee wetu hawatasinzia." Nimejitahidi. Atakayesinzia, basi, naomba asikorome.

Kazi yangu ni kutunza seva. Seva ni kompyuta isiyokaa mezani kwa mtu mmoja, bali hukaa katika chumba chake chenye baridi, ikiwahudumia watu wengi kwa wakati mmoja. Zamani kila kazi ilinunuliwa seva yake: moja ya mishahara, moja ya barua, moja ya kumbukumbu. Chumba kikajaa mashine, na kila moja ikala umeme usiku na mchana, hali kazi yake yenyewe ni ndogo. Siku hizi tunanunua mashine moja yenye nguvu, na ndani yake tunatengeneza mashine nyingine ambazo hazina chuma wala waya. Hizo ndizo ziitwazo mashine pepe.

Fikirini nyumba moja kubwa yenye wapangaji wanne. Nyumba ni moja, paa ni moja, lakini kila mpangaji ana chumba chake, ufunguo wake na mambo yake. Mmoja akivunja sahani, wa pili hapati hasara. Seva ya chuma ndiyo nyumba. Mashine pepe ndizo wapangaji. Kila moja inadhani ina kichwa chake, kumbukumbu yake na diski yake, kumbe vyote hivyo ni sehemu aliyokatiwa na mwenye nyumba.

Vijana wasidhani kwamba jambo hili ni la jana. Katika miaka ya 1960 wahandisi wa IBM huko Cambridge, Massachusetts, Marekani, walikwisha kuigawa kompyuta moja ikawa kama kompyuta nyingi, na mwaka 1972 kampuni hiyo ikatangaza mfumo wake ulioitwa VM/370. Katika kompyuta za kawaida jambo hili lilichelewa. Kampuni ya VMware ilianzishwa mwaka 1998, na mwaka 2007 uwezo huo, kwa jina la KVM, uliingizwa ndani ya Linux yenyewe, ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua bila kulipa. Hiyo ndiyo iliyotuwezesha sisi wa huku, wenye fedha kidogo, kufanya kazi zilizokuwa za matajiri.

Sasa naomba niwarudishe nyuma kidogo, hapa hapa shuleni, kwa sababu mambo yote nitakayowaeleza leo niliyaona hapa kabla sijaona kompyuta.

Wahitimu wa miaka yangu wanakumbuka kipande cha reli kilichokuwa kimening'inizwa kwenye mwembe karibu na ofisi. Hiyo ndiyo ilikuwa kengele yetu. Nilipokuwa kidato cha tatu nilichaguliwa kuwa mpiga kengele. Nilipewa saa ya mezani, na kila siku saa kumi na moja alfajiri nilikwenda kuligonga chuma hilo. Sikuchelewa hata siku moja. Nilijivuna sana. Nilijiona kwamba bila mimi shule haiamki.

Ikatokea usiku mmoja nikashikwa na homa ya malaria. Mwenzangu wa kitanda cha pili akanipeleka zahanati usiku ule ule. Alfajiri hakuna aliyegonga chuma. Mabweni yote yalilala mpaka jua likapenya madirishani, na siku hiyo kidato cha nne walikuwa na mtihani wa majaribio. Niliporudi nilijua nitachapwa. Mkuu wa Shule wa wakati ule hakunichapa. Aliniuliza swali moja tu: "Ulipokuwa huwezi, nani alikuwa apige?" Nikasema, "Hakuna, Mwalimu." Akasema, "Basi huna kazi ya kujivunia. Una kazi ambayo haijaisha."

Nilidhani nimeyaelewa maneno yale. Nilikuja kuyaelewa baada ya miaka mingi, mwaka 2016, na gharama yake nitawaeleza.

Mwaka huo nilipewa kazi ya kuweka seva katika hospitali moja. Jina lake nitaliacha. Niliweka seva moja ya chuma yenye Linux na KVM, na ndani yake mashine pepe nne. Ya kwanza ilikuwa ya majina na anwani za mtandao. Ya pili ilitunza kumbukumbu zote za wagonjwa, ndiyo ghala. Ya tatu ilikuwa na programu waliyoitumia madaktari, wauguzi na watu wa dawa, ambayo kila inapoulizwa huenda ghalani kutafuta jibu. Ya nne ilikuwa ya taarifa na nakala za akiba. Nikaziwasha zote nne kwa mkono wangu, nikazijaribu, zikafanya kazi vizuri, nikapewa chai na mkono wa pongezi.

Katika miezi ya mwanzo umeme ulikatika mara tatu. Kila mara betri ya akiba ilistahimili kidogo, kisha ikaisha, na seva ikazimika. Umeme uliporudi, seva ya chuma ilijiwasha yenyewe, kwani hilo nilikuwa nimelipanga. Lakini mashine pepe zote nne zilibaki zimelala. Nilipigiwa simu, nikaja mbio, nikaziwasha moja baada ya moja. Watu wakasema, "Ahsante fundi, bila wewe tungefanyaje?" Nami, ndugu zangu, nilifurahi kusikia hivyo. Nilikuwa tena yule kijana wa chini ya mwembe.

Ijumaa moja nilisafiri kwenda kumzika mjomba wangu. Kijijini kwetu wakati ule simu ilipatikana juu ya kilima kimoja tu, tena kwa bahati. Usiku wa Ijumaa umeme ukakatika mjini, ukarudi baada ya saa tatu. Seva ikaamka. Taa zake zikawaka kijani. Aliyechungulia chumba kile aliona mashine nzima, na wala hakujua kwamba ndani yake wapangaji wote wanne wamelala fofofo. Tangu usiku ule mpaka Jumamosi jioni hospitali haikuweza kufungua jalada hata moja la mgonjwa.

Jumamosi asubuhi bibi mmoja alimleta mjukuu wake mwenye homa na kifua. Daktari aliandika sindano ya jamii ya penisilini, kama ilivyo kawaida. Muuguzi aliyekuwa zamu ni mama mmoja aliyekaribia kustaafu. Alitaka kuangalia jalada, jalada halifunguki. Akamwuliza bibi kama mtoto ana dawa isiyomkubali. Bibi akasema hajui, mama yake mtoto yuko safarini, ila anakumbuka kwamba mwaka uliopita alipigwa sindano fulani akavimba uso. Muuguzi yule akaiweka sindano chini. Akamrudia daktari, wakabadilisha dawa. Jumamosi usiku, nilipofika na kuziwasha mashine, jalada la mtoto lilifunguka, na onyo lilikuwa limeandikwa juu kabisa: asipewe penisilini.

Mtoto alipona. Lakini aliyemwokoa ni mama yule kwa akili yake, wala si mashine yangu niliyopewa kwayo chai. Jumatatu aliniita pembeni, akaniambia kwa upole, "Baba, mimi nyumbani nina jogoo. Sijawahi kwenda kumwamsha ili awike. Hii mashine yako ya mamilioni mbona yangoja uje uiamshe?"

Sikuwa na jibu. Jibu lilikuwapo katika kitabu cha maelezo, na nilikuwa nimelisoma. Sikulifanyia kazi tu.

Ndugu zangu, programu inayosimamia mashine pepe kwenye Linux, iitwayo libvirt, haiiwashi mashine pepe yenyewe mpaka uiambie. Mtu anaweza kuuliza, kwa nini? Sababu ni kwamba haiwezi kujua nia yako. Huenda mashine fulani umeizima kwa makusudi kwa kuwa ina hitilafu. Huenda ni ya majaribio tu. Kwa hiyo inangoja amri, na amri yenyewe ni mstari mmoja: virsh autostart, kisha jina la mashine. Ukiiandika mara moja inatosha siku zote. Inachofanya ni kuweka kiungo kidogo katika folda maalumu, na kila seva inapoamka, libvirt huiangalia folda hiyo na kumwamsha kila aliyeandikwa humo. Ni orodha ya zamu iliyobandikwa ukutani, basi.

Mifumo mingine ina desturi zake. Katika ESXi ya VMware jambo hili nalo huanza likiwa limefungwa, na ukilifungua hungoja sekunde 120 kati ya mashine na mashine usipoibadilisha. Hyper-V ya Microsoft, kwa kawaida yake, huiwasha tena mashine iliyokuwa inafanya kazi wakati wa kuzimika, na ile iliyokuwa imezimwa huiacha. Proxmox inakupa mahali pa kutia alama kwamba mashine ianze seva ikiwaka, na mahali pa kuandika namba ya foleni. Na katika zile kompyuta kubwa za IBM, mfumo wa z/VM ambao ni mjukuu wa VM/370, mpaka leo mfumo ukiamka humwita mtumishi mmoja aitwaye AUTOLOG1, na kazi ya huyo ni kuwaamsha wengine. Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Nilisema, huyu ndiye mpiga kengele.

Basi, Jumatatu ile ile niliziandika mashine zangu zote nne katika orodha. Ilinichukua chini ya dakika moja. Dakika moja, ndugu zangu! Kwa kazi ya dakika moja mtoto wa watu alikuwa apigwe sindano isiyomfaa. Nikamwambia Mganga Mkuu, "Sasa tumemaliza." Nikaondoka.

Baada ya miezi miwili umeme ukakatika tena. Ulipoanza kurudi nilikaa nyumbani nikisubiri kwa raha kabisa. Simu ikalia. Mashine zote nne zimelala.

Nilikwenda nikasoma daftari la matukio la seva. Humo lilikuwamo jibu. Mashine pepe zangu huzungumza kwa njia ya mtandao pepe niliokuwa nimeutengeneza mwenyewe ndani ya seva. Mtandao huo nilikuwa nimeuwasha kwa mkono siku ya kwanza, nao kumbe una orodha yake pekee, na una amri yake pekee: virsh net-autostart. Libvirt ilijaribu kuziamsha mashine, ikakuta mtandao wao haujaamka, ikaandika kosa, ikaacha. Haikurudia kujaribu. Ilikuwa kama mwanafunzi aliyeamka kwa kengele, akakuta mlango wa bweni umefungwa kwa nje.

Hapo ndipo nilipochukua karatasi na kuuchora mnyororo wote tangu mwanzo. Umeme unarudi. Mashine ya chuma inatakiwa ijiwashe, na hilo hupangwa katika mipangilio yake ya msingi iitwayo BIOS. Linux inaamka. Huduma ya libvirt nayo lazima iwe imeruhusiwa kuanza pamoja na Linux. Kisha maghala ya diski yafunguke, kisha mitandao pepe, kisha mashine pepe, na mwisho programu zilizomo ndani ya kila mashine pepe. Pingu moja ya mnyororo huo ikikosekana, zote zinazofuata hazina maana. Niliunganisha iliyokosekana. Na safari hii nilikuwa nimepata adabu: niliomba ruhusa Jumapili usiku, wagonjwa wakahudumiwa kwa karatasi kwa muda, nikaizima seva yote, nikaiwasha, nikakunja mikono nikatazama.

Mashine zote nne ziliamka. Lakini programu ya madaktari ilitoa maneno ya kosa, ikagoma.

Wapenzi wanafunzi, hapa nitamkumbuka mzee mpishi wetu. Wengi wetu tulidhani shule huanza kuamka saa kumi na moja kwa kengele. Sivyo. Mzee yule aliamka saa tisa usiku, hakuna kengele iliyomwamsha, akawasha kuni, akateka maji, akabandika sufuria. Siku moja nilimwuliza kwa nini asiamke pamoja na sisi. Alinijibu, "Kengele haiivishi uji." Angeamka pamoja na wanafunzi, wanafunzi wangefika bwaloni na bakuli zao wakakuta maji baridi.

Ndivyo ilivyokuwa katika seva yangu. Mashine zote zilianza kwa pamoja. Ghala la kumbukumbu ni kubwa, na baada ya kuzimika ghafla lilihitaji dakika kadhaa kujikagua kabla ya kufungua mlango. Programu ya madaktari ni nyepesi, ikaamka upesi, ikagonga mlango wa ghala mara moja, haikujibiwa, ikakata tamaa. Orodha ya libvirt haina utaratibu wa nani atangulie na nani afuate. Kwa hiyo ile mashine ya tatu niliiondoa katika orodha, nikaandika programu fupi ya mistari michache ya kuiamsha. Kwanza huiuliza mashine ya ghala, "Umekwisha kuwa tayari?" Ikikosa jibu hungoja kidogo, kisha huuliza tena. Ikijibiwa ndipo humwamsha yule wa tatu.

Nawaomba mliangalie jambo hilo. Sikuandika kwamba ingoje dakika tano. Nilisema ingoje jibu. Dakika tano zinaweza kuwa nyingi leo na zikawa chache kesho, ghala likishakua. Mzee mpishi hakuwa na saa. Aliuonja uji.

Yapo mambo mengine mawili nisiyoweza kuyaacha.

La kwanza, si kila mashine inafaa kujiamsha. Wakati fulani nilinakili mashine moja ili nifanyie majaribio, nikaisahau katika orodha. Seva ilipowaka, ziliamka mbili zenye anwani moja, wakaanza kugombania barua kama ndugu wawili wenye jina moja katika bweni moja. Liko kubwa kuliko hilo. Pale ambapo seva mbili za chuma zinatumia diski ya pamoja, mashine pepe ile ile ikiamshwa na seva zote mbili kwa wakati mmoja, zote zitaandika mahali pamoja na kumbukumbu zitaharibika. Ndiyo maana VMware, seva zinapokuwa katika kundi la kulindana, huifunga kabisa orodha ya kila seva, ili kazi ya kuamsha iwe ya kundi zima. Kwa hiyo orodha ya zamu isiwe ya kila mtu. Iwe ya wale wanaotakiwa.

La pili, anayejua kuamsha ajue pia kulaza. Betri ya akiba ikikaribia kuisha, inafaa impe seva taarifa, nayo izizime mashine pepe kwa utaratibu, ya programu kwanza, ghala mwisho. Mashine iliyolala vizuri huamka vizuri. Iliyoanguka huamka ikijikagua mifupa.

Ndugu Mwenyekiti, baada ya hayo yote nilifanya jambo ambalo ilinipasa kulifanya kabla ya yote. Niliandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili: umeme ukirudi, ngoja muda gani, angalia nini, na ikishindikana fanya hatua hizi tano. Nikaubandika mlangoni mwa chumba cha seva. Nikawafundisha vijana wawili wa pale. Tangu wakati huo simu zao zimepungua sana, na nakiri kwamba mwanzoni jambo hilo liliniuma. Hakuna tena aliyesema, "Bila wewe tungefanyaje?" Ilinichukua muda kutambua kwamba ukimya ule ndio uliokuwa sifa.

Sasa nimalizie kwa habari ya jana. Kama mlivyosikia katika taarifa ya Mweka Hazina, wahitimu mwaka huu tumechanga tukanunua seva moja kwa ajili ya chumba cha kompyuta cha shule. Ndani yake nimeweka mashine pepe tatu: moja ya vitabu, moja ya mitihani ya zamani, na moja ya kumbukumbu za ofisi. Jana alasiri, mbele ya wanafunzi wanane wa kidato cha tatu, niliwaambia, "Nimemaliza. Sasa chomoeni waya." Walitazamana. Walidhani ninawatania. Mmoja akauchomoa. Tukangoja, tukauchomeka, wao wakishika saa.

Baada ya dakika nne mashine ya vitabu ilikuwa imeamka, na ya mitihani nayo. Ya ofisi haikuamka.

Niliona aibu kidogo, siwafichi, mtu wa umri wangu. Lakini sikuigusa. Niliwaonyesha daftari la matukio lilipo, nikawaambia watafute. Walibishana kwa muda wa kipindi kizima. Kisha kijana mmoja mdogo, aliyekuwa amekaa nyuma bila kusema neno, akasema, "Shikamoo mzee, samahani. Diski ya mashine hii imo katika ghala la pili, na ghala la pili halijawekwa katika orodha." Alikuwa sahihi. Amri yake ni virsh pool-autostart. Aliiandika yeye mwenyewe kwenye kibodi. Tukachomoa waya mara ya pili, tukauchomeka, zote tatu zikaamka pasipo mtu kuzigusa.

Mimi kesho narudi mjini. Seva hii haitaningoja. Karatasi imebandikwa mlangoni, na wanaojua ni wanane, ambao mwakani wanatakiwa wawafundishe wanane wengine kabla hawajaingia chumba cha mtihani wao wa mwisho. Hilo nimeliomba kwa Mkuu wa Shule, naye amelikubali mbele yao.

Vijana, katika maisha mtapewa kazi, na mtazifanya vizuri, na watu watawasifu. Siku mtakaposifiwa, jiulizeni lile swali nililoulizwa hapa chini ya mwembe: siku nisipokuwapo, nani atapiga? Kama hamna jibu, kazi haijaisha. Na kama mnalo jibu, chomoeni waya mwone.